Alama ndani ya vilipuzi: nani anaogopa nini?

Bomu lililoiangusha ndege ya Pan Am juu ya Lockerbie, Uskoti, Desemba 21, 1988, lilikuwa limefichwa ndani ya redio ya kaseti. Watu 270 walikufa. Kilipuzi chenyewe, Semtex, ni cha aina iitwayo ya plastiki, laini kama udongo wa mfinyanzi, na mvuke wake ni hafifu mno kunaswa. Ndipo Machi 1991 nchi zikaafikiana mkataba huko Montreal, Kanada: anayetengeneza vilipuzi vya plastiki achanganye humo kemikali inayotoa harufu, mbwa na mashine viweze kunusa.

Mkemia akauliza: ukitia kitu kigeni ndani ya kilipuzi, kitatulia? Swali zito hilo. Kilipuzi hukaa ghalani miaka, joto na baridi vikipishana. Kikianza kuoza kwa sababu ya kiungo kilichoongezwa, wa kwanza kufa ni mtunza ghala, wala si gaidi.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo hubebeshwa alama mbili tofauti: ya harufu na ya utambulisho. Alama ya harufu, hasa ile iitwayo DMNB, huwekwa kidogo sana: mkataba ulianza na asilimia 0.1, baadaye ikapandishwa hadi 1. Tena kemikali hii haipatikani kwenye bidhaa za kawaida, hivyo mbwa akiketi mbele ya begi, hajadanganywa na marashi ya abiria. Hapa woga wa mkemia naona haujapata ushahidi wa kutosha.

Alama ya utambulisho ni kitu kingine kabisa. Hii ni punje ya plastiki ndogo kama chembe ya mchanga, yenye matabaka ya rangi. Mlipuko ukishapita unaiokota, unaiweka chini ya darubini, unasoma rangi moja moja: kiwanda fulani, toleo fulani. Uswisi imeilazimisha tangu 1980. Huko Maryland, Marekani, punje hizo zilisaidia kumtia hatiani muuaji aliyelipua gari mwaka 1979.

Lakini mwaka huohuo wa 1980, Ofisi ya Tathmini ya Teknolojia ya Bunge la Marekani ilieleza kwamba punje hizo zikichanganywa na aina moja ya baruti isiyo na moshi, ile ya risasi, au na kilipuzi kimoja cha kuchochea vingine, mchanganyiko haukutulia. Vipimo vilikuwa vya joto kali na punje nyingi kuliko kawaida, ni kweli. Hata hivyo, ningekuwa mimi ndiye ninayechanganya baruti hiyo, nisingetaka kuambiwa nisubiri nione. Waliobaki wakipinga kwa sauti kubwa, wamiliki wa bunduki wakiwemo, walikuwa pia na sababu zao zisizohusu kemia.

Mkataba wa Montreal ulianza kutumika Juni 21, 1998. Wiki saba hazijatimia, mabomu yakalipuka Nairobi na Dar es Salaam, Agosti 7. Ushahidi kwenye kesi ya New York ulitaja TNT. TNT si kilipuzi cha plastiki, hivyo hata kama kila nchi ingekuwa imetia saini, mkataba ule usingemlazimisha yeyote kuitia harufu.