Jamani tuwaache wazee wetu wainuke wenyewe

Hili jambo nimekaa nalo rohoni tangu Ramadhani na leo nalitoa. Sisi watu wa Lamu tunawapenda wazee wetu sana lakini kuna vile tunawapenda mpaka tunawamaliza nguvu.

Nyanya yangu yuko mtaa wa Langoni, miaka 75 ameshapita, na mpaka juzijuzi alikuwa anapanda ile ngazi ya nyumba ya mawe, unaijua ilivyosimama, akienda juu kuanika nguo. Siku moja akateleza kidogo, hakuvunjika kitu alhamdulillah, lakini sote tukaingiwa na hofu, basi tukamshusha chini, kitanda karibu na choo, msichana wa kazi akatafutwa, maji analetewa, chai analetewa, hata mbuzi ya kukunia nazi tukaificha. Akisema "niwatani nende mwenyewe", yaani niacheni niende, tunamwambia pumzika nyanya, umefanya kazi ya kutosha. Miezi minne haikuisha akawa hawezi kuinuka kitini mpaka avutwe mikono. Si ule mtelezo uliomfanya vile, ni sisi.

Misuli inaanza kupungua mapema, tangu miaka ya 30 hivi, na ukipita 60 inakwenda mbio zaidi, na dawa yake ni kuitumikisha tu. Fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyekuja kumuona hakuleta mashini yoyote, alimwambia ainuke akae, ainuke akae, akiweza bila kushika, akatueleza kuwa Shirika la Afya Duniani linasema mtu wa 65 kwenda juu apate angalau dakika 150 kwa wiki za kujitumikisha kwa kiasi, kama kutembea kwa mwendo wa haraka kidogo, na siku 3 au zaidi afanye mambo ya nguvu na ya balansi. Nikapiga hesabu, 150 ni kama dakika 21 kwa siku, yaani kutoka nyumbani mpaka ufuoni na kurudi huku unasalimia watu barazani.

Halafu nikafikiria swala. Faradhi tano ni rakaa 17, sijida 34, kila siku mtu anashuka mpaka chini na anainuka. Mwenye maradhi ana ruhusa ya kiti na hakuna wa kumlaumu, lakini siku hizi tunamkimbilizia kiti hata mzee ambaye magoti yake hayajalalamika, na mimi hapo sikubali kabisa.

Chakula nacho. Mzee akikosa hamu tunampa chai na mkate asubuhi, chai na mkate usiku, imeisha. Misuli haijengwi na chai jamani, samaki tunao, kunde tunazo, mbaazi za nazi, mayai (mwenye shida ya figo amuulize daktari kwanza).

Na sisemi tuwaachie hatari. Kwetu tumeweka kamba ya kushikilia ngazini, taa inawaka usiku kucha, ndara zilizolegea zote tumetupa, macho amepimwa. Mbuzi imerudi jikoni, Ijumaa anakuna nazi mwenyewe, akimaliza anashika ukuta anainuka, inachukua muda na sote tunanyamaza tu tunangoja.

Jana alasiri alifika mpaka ufuoni akarudi. Nilikuwa nyuma yake hatua mbili, mikono nimeifunga mgongoni nisije nikamshika.