Babu Ignotus na watoto wake 31

Misiba ya ukoo wetu ina shida ambayo sijaisikia kwa watu wengine: hatujui watani wetu ni akina nani. Tulipomzika baba mdogo walijitokeza watani wa makabila matatu. Wa kwanza, Mnyamwezi, alishuka kaburini, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani na kusema hatoki bila elfu ishirini. Tukalipa, akatoka. Kabla jeneza halijasogezwa akashuka Mzigua. Huyu alitaka elfu thelathini, maana aliyemtangulia si mtani halali na shimo ameshalichafua. Wa tatu hakushuka. Alisimama pembeni akikung'uta viatu, kama mtu aliye kwenye foleni ya benki na anajua zamu yake itafika.

Usiku ule kwenye kikao baba mkubwa aliinuka akasema basi, imetosha. Lazima ijulikane sisi ni kabila gani, tuwe tunaibiwa na watu wanaostahili.

Tulichokuwa nacho ni kidogo. Babu wa babu yangu aliitwa Fransisko, na alibatizwa utotoni, miaka ya 1880, kwenye misheni ya mapadri Wafaransa milimani huko mkoani Morogoro. Nyuma ya hapo ni giza. Shangazi anasema tulitokea Bagamoyo. Baba mkubwa anasema tulikuwa machifu. (Kila ukoo una mtu wa kusema walikuwa machifu. Bado sijakutana na ukoo uliotokana na mpagazi, sasa sijui ile mizigo yote ilibebwa na nani.)

Basi tukaazima Noah ya shemeji, tukaondoka Dar alfajiri tukiwa watatu. Mimi dereva. Shangazi nyuma, na hotpoti la vitumbua, chupa ya chai na sukari kilo tano za kwenda nazo kwa wenyeji. Baba mkubwa mbele, mwalimu mkuu mstaafu, kioo cha kukuzia maandishi kikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Ndiye aliyekuwa mtaalamu wa msafara, kwa sababu moja: anajua Kilatini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa mtumikiaji altareni, Misa ikiwa bado ya Kilatini, na mpaka leo hajasahau hata neno moja. Tangu Kimara alikuwa anatupa mazoezi. "Dominus vobiscum!" anasema, na Shangazi, kitumbua kikiwa mdomoni, anajibu, "Et cum spiritu tuo." Ilibidi niitikie na mimi, vinginevyo haendelei kunionyesha njia.

Mlandizi tukapigwa tochi. Kilomita 61 kwenye eneo la 50, faini elfu 30. Baba mkubwa akashuka kumweleza trafiki kwamba hii si safari ya kawaida, ni ya historia, tunatafuta asili yetu. Afande akamsikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza, "Kwani nyie kabila gani, mzee?"

Kimya. Huenda alikuwa mtani wetu. Huenda angetusamehe. Nikalipa elfu 30.

Chalinze, Morogoro, Dumila, pancha moja, tukalala gesti Turiani. Asubuhi tulikuwa mlangoni kwa ofisi ya parokia kabla haijafunguliwa.

Paroko alikuwa ameenda vigangoni, arudi jioni. Tulipokelewa na katekista, kijana mpole, ambaye kabla ya kufungua kabati aliomba barua ya utambulisho kutoka jumuiya yetu. Tulikuwa nayo. Akauliza kuhusu zaka, nadhani kwa mazoea tu. Shangazi akafungua mkoba akamwagia mezani stakabadhi za miaka minne, zimefungwa kwa mpira kwa kila mwaka. Katekista akafungua kabati haraka.

Daftari la ubatizo lilikuwa kubwa kama sinia la pilau la harusi, jalada limeliwa pembeni na mende, wino umefifia ukawa rangi ya chai ya rangi. Mwandiko ulikuwa ule wa kulala, kila herufi imeegemea mwenzake kama walevi wanaorudi nyumbani. Baba mkubwa akavua kofia, akashika kioo chake, akatukataza kupumua karibu na karatasi.

Alisoma kwa muda wa saa mbili. Shangazi alishaanza kusinzia tuliposikia kidole kikigonga meza.

"Franciscus," akasema. Sauti ilikuwa haipo sawa.

Tukamzunguka. Jina ni hilo, na mwaka ndio ule wa hadithi za nyumbani. Kidole kikasogea polepole kwenda safu ya pili, iliyoandikwa juu yake Pater.

"Pater ni baba. Baba yake Fransisko... Ignotus."

Hakuna aliyesema neno. Kidole kikasogea tena. "Mater. Mama. Ignota." Akatutazama, macho yamejaa machozi. "Ignotus na Ignota. Mnaona? Hata majina yao yalipatana."

Shangazi akapiga kigelegele mpaka katekista akaangusha kalamu.

Hapo ndipo tungefunga daftari, tukashukuru, tukaondoka na heshima zetu. Lakini baba mkubwa alifundisha hesabu miaka 30. Akasema Fransisko hawezi kuwa peke yake, lazima ana ndugu. Akaanza kushuka na safu, na kweli, mistari mitatu chini, Ignotus mwingine. Ukurasa wa pili, wawili. Akaniambia niandike. Nikatandika karatasi ya manila mezani, nikachora mti wa ukoo, na kila alipoita jina niliongeza tawi. Bonifasi wa Ignotus. Maria wa Ignotus. Yosefu wa Ignotus, halafu Yosefu mwingine wa Ignotus.

Ilipofika saa saba mchana manila ilikuwa imejaa.

"Wako wangapi?" Shangazi akauliza.

"Thelathini na mmoja."

"Ndani ya miaka mingapi?"

Baba mkubwa akarudi nyuma na kioo chake. "Mitatu."

Shangazi akatulia. Huyu mama amezaa watoto sita na amewazalisha wakwe zake wawili. "Na mama yao ni Ignota huyo huyo mmoja?"

"Inaonekana."

"Kaka. Mwanamke gani anazaa watoto 31 kwa miaka mitatu?"

Baba mkubwa akainua kichwa, akakunja kioo mkononi, akajibu kwa ile sauti ya kumkomesha mwanafunzi msumbufu: "Zamani watu walikula vyakula vya asili."

Kwa bahati mbaya jibu hilo lilituridhisha. Na Shangazi akatoka nje, akatafuta mtandao chini ya mwembe, akatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye grupu la ukoo.

Dar nzima ililipuka. Wifi yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume siku mbili kabla, na palikuwa na ubishi kuhusu jina: yeye alitaka Jayden, mama mkwe hataki kusikia. Ubishi ukaisha palepale. Mtoto ni Ignotus. Binamu yetu mwenye kibanda cha kuchapa fulana Kariakoo akaandika kwamba anatoa punguzo la ukoo, fulana 60, maandishi ya dhahabu. Kufikia saa kumi alishatuma picha ya ile ya kwanza: UKOO WA IGNOTUS, na chini yake simba. Simba alikuwa wazo lake mwenyewe.

Wakati huo katekista, kwa wema wake, alikuwa ametuletea mzee mmoja wa pale kijijini, mjukuu wa Bonifasi aliyeko kwenye manila yetu, tawi la nne kushoto. Baba mkubwa hakusubiri hata salamu. Akamkumbatia, akamwambia, "Ndugu yangu wa damu!" Mzee akatutazama mmoja mmoja, akaitazama manila, akautazama mfuko wa sukari. Akasema, "Karibuni nyumbani." Tulikula ugali na mboga ya maboga kwake, tukapiga picha, na kwenye kuagana akatupa jogoo mweupe, amefungwa miguu kwa kamba ya katani.

Tulirudi parokiani jioni kumshukuru paroko, manila ikiwa imeviringishwa kwapani kwangu. Aliteremka kwenye pikipiki, amejaa vumbi, akapewa hadithi yote akiwa bado ameshika helmeti. Akaomba aone. Nikatandaza manila kwenye boneti ya Noah.

Alisoma matawi yote 31. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu," akamwambia baba mkubwa, taratibu kabisa, "hili neno si jina. Ignotus ni kusema hajulikani."

Sikumbuki nani alianza kukohoa.

Akatuelezea. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakawa wanawakomboa watoto waliokuwa watumwa, kisha wakapandisha misheni nyingine huku bara. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini huku njiani biashara haikukoma siku hiyo. Watoto waliletwa wengine wadogo mno, hawajui hata walikotoka. Padri akifika kwenye safu ya baba, amwulize nani? Aliandika ignotus. Kwa mama, ignota.

Shangazi alinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu Kibaha. Aliweka kiganja juu ya manila, kwenye shina kabisa, nilipokuwa nimeandika jina lile kwa herufi kubwa na kulizungushia maua, akakiacha hapo kwa muda.

Kisha akamgeukia kaka yake. "Si ulisema unajua Kilatini?"

"Najua," baba mkubwa akajibu. "Najua kuitikia."

Paroko, Mungu ambariki, aligeuka kuangalia tairi la pikipiki yake, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

Kazi ikabaki moja: kuliambia grupu. Usiku ule gesti nilikuwa naiangalia simu yangu. Baba mkubwa anaandika. Baba mkubwa ameacha. Baba mkubwa anaandika. Iliendelea hivyo kwa dakika 20, mimi namsikia anavyohema kupitia ukuta wa chumba cha pili. Mwishowe ukaja ujumbe: "Ndugu, mzee amepatikana. Jina lake bado linafanyiwa kazi." Binamu akajibu sekunde hiyohiyo: "Fulana zimeshaiva zote. Hela hairudi."

Mtoto alibatizwa miezi miwili baadaye. Wifi alikataa katakata kurudi kwenye Jayden, anasema akimwita Ignotus anaitika. Padri wa pale Dar alipouliza jina la mtoto na kuambiwa, aliinua kalamu, akamtazama mdogo wangu kutoka kichwani hadi miguuni, akauliza, "Na baba yake mtoto ndiye huyu?" Mdogo wangu akasema ndiye. "Una hakika?" Shangazi ilibidi atoke nje ya kanisa.

Kwenye sherehe tulikuwa wote na simba kifuani, maana fulana 60 utazifanyia nini. Na yule mzee wa kijijini alikuja, amepanda basi toka Turiani, naye tukampa yake. Nikamvuta pembeni kumwomba radhi, nikamweleza kuhusu lile neno.

"Aa, mimi nalijua tangu utoto," akasema, anakunja mikono ya fulana iliyomzidi. "Babu alituambia. Sasa nyie mmekuja mnalia, mnacheka, mna sukari kilo tano. Nikasema ngoja kwanza."

Akanyoosha simba kifuani, akaniuliza kama yule jogoo alifika salama. Nikamwambia jogoo alifika. Kiti cha shemeji ndicho hakikufika.