Kanisa Nalo Liungame

Baba yangu alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha kahawa mkoani Kagera, na jambo la kwanza ninalolikumbuka kuhusu theolojia, kabla sijajua kwamba kuna neno kama hilo, ni jioni ile ya mwaka 1990 aliposimama katikati ya ushirika wa walokole akiwa na daftari la shule mkononi, akasema kwamba kwa misimu mitatu amekuwa akipunguza nusu kilo katika kila gunia la kahawa ya maganda alilolipima. Hakulia. Alisoma majina ya watu na idadi ya magunia yao, na baadhi ya wenye majina walikuwa wamekaa pale pale kwenye mikeka wakimsikiliza. Alipomaliza, mzee mmoja katika ndugu hakumpa pole wala hakumsifu, bali alimwuliza swali moja tu: "Utarudisha lini?" Kesho yake baba alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba na daftari lile, na kazi hiyo ilimchukua miezi saba na ikamaliza ng'ombe wetu wa pekee.

Ninaandika haya nikiwa Leipzig, Ujerumani, ninakofanya kazi ya uuguzi katika makao ya wazee kwa zaidi ya miaka 10 sasa. Kila ninaporudi nyumbani naulizwa kama Wazungu bado wanasali, na anayeuliza kwa kawaida anataka nithibitishe kwamba kanisa la Ulaya limekufa na kwamba letu ndilo lililo hai. Zamani nilikuwa najibu hivyo bila kusita. Siku hizi siwezi tena, kwa sababu nimeona huku jambo moja ambalo sisi hatujalifanya, na nimeona pia kwamba wenyeji wangu wamepoteza lile ambalo baba yangu alilifanya.

Mwanahistoria David Bebbington alipoueleza Ukristo wa kiinjili mwaka 1989 alitaja alama zake nne: mamlaka ya Biblia, kazi ya Kristo msalabani, kuongoka kwa mtu, na imani inayoonekana katika utendaji. Kwetu alama zote zilikuwepo, ila kuongoka ndiko kulikotutambulisha. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao historia yake huanza kusimuliwa na mwaka 1929, Simeoni Nsibambi alipokutana na daktari mmisionari Joe Church huko Namirembe nchini Uganda, ukakolea katika kituo cha Gahini nchini Rwanda na baadaye ukavuka mpaka hadi Bukoba, ulitufundisha "kutembea nuruni", maana yake kutokubali dhambi iliyojulikana ilale hata usiku mmoja bila kutajwa mbele za Mungu na mbele ya ndugu. Theolojia yake ilikaa katika 1 Yohana 1:7, kwamba tukienenda nuruni twashirikiana sisi kwa sisi na damu ya Yesu yatusafisha. Mafundisho hayo hayakuwa ya kitabuni, kwani yalimfikia karani kwenye mizani yake.

Hata hivyo yalimfikia karani peke yake. Chama chenyewe, ambacho kwa miaka mingi kilichelewesha malipo ya wakulima huku viongozi wake wakiketi viti vya mbele kanisani, hakuna aliyekiuliza chochote katika ushirika ule. Dhambi tulizojua kuziungama ni zile zenye mtu mmoja: wivu, uzinzi, ulevi, uongo, wizi. Dhambi iliyofanywa na wengi kwa pamoja, kwa mihuri na kwa vikao, tuliiita siasa, tukaipita.

Gharama ya kuipita niliiona nikiwa na miaka 13. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, ndani ya takriban siku moja, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, katika mkoa wetu huo huo, na Mto Kagera uliendelea kushusha maiti hadi ziwani, mpaka mama akaacha kununua samaki. Nchi ambayo uamsho wetu ulikolea ndani yake ndiyo iliyokuwa inateketea. Ni haki kusema kwamba wako walokole waliokataa kutenganishwa na ndugu zao kwa kabila, na wengine waliuawa kwa kukataa huko. Ushuhuda wao usisahaulike. Lakini makanisa kama makanisa, ambayo viongozi wake wengi walikuwa karibu mno na watawala, hayakuwa na sauti, na mauaji mengi yalifanyika ndani ya majengo ya ibada. Nchi yenye maelfu ya watu waliozoea kuungama wizi na uzinzi ilikosa kanisa la kusimama mapema na kusema: sisi tuliobatiza na kusomesha tumeshiriki kuwagawa watu hawa, na tunatubu.

Hilo ndilo nililolikuta Ujerumani, na sikulitazamia. Oktoba 1945, miezi michache baada ya vita, Baraza la Kanisa la Kiinjili la Ujerumani lilikutana Stuttgart na wajumbe wa makanisa ya nchi nyingine, likatoa tamko la kukiri hatia. Miongoni mwa waliolitia sahihi alikuwamo Martin Niemöller, ambaye alikuwa amefungwa miaka mingi kwa kumpinga Hitler, na ambaye kwa hesabu ya kibinadamu angeweza kusema kwamba yeye hahusiki. Tamko lilisema kwamba kupitia Wajerumani mateso yasiyo na kipimo yaliletwa juu ya mataifa mengi, na kwamba wao wenyewe wanajishtaki kwa kutokuwa wajasiri zaidi, waombaji zaidi, wenye imani na upendo zaidi. Lilikuwa na kasoro kubwa, kwa kuwa halikuwataja Wayahudi. Washarika wengi walilikasirikia, wakisema linawadhalilisha mbele ya washindi. Pamoja na hayo, lilifungua njia ambayo kanisa la huku linaipita hadi leo. Nilipohamia Leipzig nilioneshwa Kanisa la Mtakatifu Nikolai, ambako sala za amani za kila Jumatatu zilianza mwaka 1982, na ambako watu walitoka jioni ya tarehe 9 Oktoba 1989 wakajiunga na wengine wapatao 70,000 mitaani kuupinga utawala wa kikomunisti wa Ujerumani Mashariki, wakiwa na mishumaa, bila damu kumwagika. Sidhani kanisa ambalo halikuwahi kukiri kunyamaza kwake zamani lingepata ujasiri wa kutonyamaza siku ile.

Sasa niseme upande wa pili. Jumapili katika usharika wangu wa huku tunakuwa watu 20, au 25 kukiwa na ubatizo, ndani ya jengo lililojengwa kwa ajili ya mamia. Ungamo la dhambi husomwa na wote kwa pamoja, kwa maneno mazuri na ya kweli, nalo huisha kabla hujakumbuka hata kosa moja ulilolifanya juma lile. Utoaji nao umepewa serikali: ukijiandikisha kama mkazi unaulizwa dini yako, na kama wewe ni msharika, ofisi ya kodi hukata kodi ya kanisa, ambayo huku Saxony ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato, ikaipeleka kanisani. Anayetaka kutoka huenda ofisi ya serikali akatia sahihi, na jambo limekwisha bila mtu yeyote kumwuliza yuko wapi. Fedha hizo hufanya kazi njema nyingi, nami siidharau. Lakini msharika anaweza kuishi miaka 40 bila ndugu hata mmoja wa kumwuliza habari za mizani yake.

Nilielewa ukubwa wa pengo hilo katika zamu ya usiku. Nimebadilisha mambo machache ili mhusika asitambulike. Mama mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 90, aliyeliacha kanisa ujanani wakati wa utawala wa kikomunisti, alipiga kengele saa tisa usiku, na nilipofika hakutaka maji wala dawa. Alishika kiwiko changu akaniambia kwamba zamani aliandika taarifa juu ya jirani yake na kuzipeleka kwa polisi wa siri, na kwamba kwa sababu yake mtoto wa jirani alinyimwa nafasi ya chuo kikuu. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote. Akaniuliza kama kuna mahali pa kuyapeleka mambo kama hayo. Mchungaji alikuja kesho yake, ingawa mama huyo si msharika, akasoma naye neno na kuomba naye kwa upole mkubwa. Alipoondoka, mimi niliuliza swali nililolelewa nalo, kwa lugha laini kadiri nilivyoweza: yule mtoto yuko hai? Alikuwa hai, mzee aliyestaafu katika mji mwingine. Tuliandika barua, yeye akitamka na mimi nikiandika, kwa siku nne. Baada ya wiki tano lilikuja jibu la mstari mmoja, kwamba barua imefika na imesomwa. Kadi ile aliiweka chini ya taa ya kitandani, na haikuondoka hapo.

Najua pingamizi litakalotolewa nyumbani, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi na mimi mwenyewe nimewahi kulitumia: kila mtu atauchukua mzigo wake, na Ezekieli 18 inasema wazi kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Hilo ni neno la Mungu na halitanguki. Ila Ezekieli anazungumzia hukumu, nani atakufa kwa dhambi ya nani. Hazungumzii nani anaweza kusimama mahali palipobomoka. Nehemia, ambaye huenda hakuwa hata amezaliwa Yerusalemu ilipoangushwa, aliomba akisema kwamba yeye na nyumba ya baba yake wametenda dhambi. Danieli, ambaye maandiko hayamtaji kwa kosa lolote, aliomba kwa kusema "tumefanya dhambi". Na Yakobo, yule yule anayetuamuru tuungamane dhambi zetu sisi kwa sisi, mistari michache kabla ya hapo anasema ujira wa wakulima uliozuiwa kwa hila unapiga kelele. Tumeushika mmoja kwa miaka mingi na kuuacha mwingine, ilhali yote miwili imo katika sura moja.

Wala si lazima tuazime jambo hili kwa Wajerumani. Wainjili zaidi ya 2,300 kutoka nchi 150 walipokutana Lausanne mwaka 1974, agano walilolitoa lilieleza wajibu wa Mkristo kwa jamii, na katika kipengele hicho hicho walitubu kwa kuupuuza wajibu huo na kwa kudhani wakati mwingine kwamba uinjilisti na haki haviwezi kukaa pamoja. Miaka mitatu baadaye, mkutano mkuu wa Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni uliofanyika Dar es Salaam ulitangaza kwamba kuukataa ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la ungamo la imani, yaani kanisa haliwezi kuwa na maoni mawili juu yake na bado likabaki kanisa. Mwaka 1984 uanachama wa makanisa mawili ya weupe ulisimamishwa kwa sababu hiyo. Rais aliyechaguliwa Dar es Salaam alikuwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, mtoto wa uamsho ule ule uliomsimamisha baba yangu na daftari lake. Ninapowasikia wachungaji vijana wakisema kwamba habari za haki ya jamii ni mambo ya Wazungu waliopoa, huwa najiuliza ni nani aliyewaficha mtu huyu.

Wajerumani nao wana deni lao katika hili. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wao, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha mjini Songea kwa yale yaliyotendwa katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Jumapili iliyofuata mchungaji wetu wa Leipzig alilitaja jambo hilo katika maombi, na nilishukuru hata nikashindwa kuimba. Lakini mifupa ya mababu zetu iliyochukuliwa wakati wa ukoloni bado imo katika hifadhi za makumbusho ya huku. Walijifunza kuungama kama taifa na kama kanisa. Sisi tulijifunza kurudisha mtu mmoja mmoja. Na Zakayo alifanya yote mawili kabla chakula hakijapoa.

Kwa hiyo nimeamua kuanza na kilicho karibu nami. Baba yangu mdogo alikuwa mwinjilisti wa mtaa kwa miaka 31. Alihubiri, alizika, alifundisha kipaimara, alilala kwenye vijiji ambavyo mchungaji alivifikia mara nne kwa mwaka. Alipostaafu ilionekana kwamba hakuna mchango wowote uliowahi kupelekwa kwa jina lake katika mfuko wa hifadhi ya jamii, ingawa sheria ya nchi inamtaka kila mwajiri afanye hivyo. Hakuna mtu mmoja aliyeiba fedha hizo. Ziliamuliwa katika vikao, mwaka hadi mwaka, kwa sala ya kufungua na sala ya kufunga, na katika miaka hiyo hiyo jengo jipya lilipauliwa na gari la ofisi likanunuliwa. Nilipomwuliza kama amewahi kudai, alisema mtu hamdai mama yake.

Wiki iliyopita niliwaandikia viongozi wa kanisa langu la nyumbani, kwa heshima yote wanayostahili, nikiomba kwamba mkutano mkuu ujao, kabla ya taarifa na kabla ya bajeti, usimame na kuungama jambo hili kwa sauti, kisha upange tarehe ya kuanza kulipa. Nimeambatanisha majina 11 ya wainjilisti wastaafu na idadi ya miaka ya kila mmoja, na la kwanza ni la baba mdogo.