Ile "Miti ya Krismasi" ni Darubini, Jamani

Mtu mmoja kwenye kundi letu la WhatsApp katuma picha ya SKA-Low, darubini ya redio inayojengwa jangwani Australia Magharibi, kwenye ardhi ya Wajarri Yamaji. Chini kaandika: "Mabilioni yote haya kwa miti ya Krismasi?" Wakacheka wote. Msimamizi kanifungia nisijibu, kwa hiyo nasemea hapa.

Zile ni antena, bwana. Zikikamilika zitakuwa 131,072, kila moja kimo cha mita mbili hivi, na hakuna hata moja inayogeuka. Utamu wenyewe uko hapo. Dishi ni kama mtu mwenye shingo iliyokakamaa: akitaka kukutazama, sharti ageuke mwili mzima. Antena hizi zimesimama tu, zinapokea mawimbi kutoka anga lote. Wimbi likija kutoka mashariki, hugusa kwanza antena za mashariki. Kompyuta huzichelewesha ishara za antena hizo kitambo kidogo mno, hadi zilingane na za magharibi, kisha huzijumlisha. Tayari, darubini imetazama mashariki! Badilisha ule ucheleweshaji, imetazama kusini. Piga hesabu zote mbili kwa pamoja, inatazama kote kuwili. Nionyesheni dishi la kawaida linaloweza hayo. Machi 2025 ilitoka picha ya kwanza, kwa antena 1,024 tu, hata asilimia moja haijafika, na galaksi zikaonekana.

Haya, kwa mawimbi ya masafa (frequency) ya juu dishi bado lina kazi yake; Karoo, Afrika Kusini, wanayajenga. Lakini pulsa za kwanza, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka na kutoa mapigo ya redio, mwaka 1967 mwanafunzi Jocelyn Bell alizinasa kwa nyaya na nguzo kwenye uwanja Cambridge. (Nobeli ya 1974 akapewa msimamizi wake. Hilo nikilianza hatulali.)

Sasa, mchekaji wetu kafunga Starlink, ile intaneti ya setilaiti, juu ya bati. Kile kibao ni ukoo uleule: kinafuata setilaiti zinazopita kwa hesabu, bila kuzungukazunguka. Nazo setilaiti hizo zinavujisha kelele za redio, zinazozisumbua darubini kama hii. LOFAR, darubini ya redio ya Uholanzi, ilizipima, matokeo yakatoka 2023. Mwaka uliofuata kizazi kipya kikakutwa na kelele kali hadi mara 32 zaidi.

Intaneti vijijini siipingi, hata haya nayaandika kwa hiyohiyo. Ila wahandisi walioweza kukifanya kibao cha paani kifukuzie setilaiti bila kujongea hawashindwi kuziba uvujaji. Hawajabanwa tu.