Sindano ya miezi mitatu na mifupa: nani hasa awe na wasiwasi?

Kaa kidogo kwenye benchi la kliniki Uyole au Makambako, hutakosa kusikia kwamba uzazi wa mpango unakula mifupa. Kuna ukweli hapo, ila maneno hayo yamezifagia njia zote pamoja. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Vijiti havijaonyesha madhara makubwa kwa mifupa, wala vidonge vya majira kwa mwanamke mtu mzima. Mtuhumiwa ni mmoja: sindano ya Depo-Provera, ile ya kila miezi mitatu.

Naye katuhumiwa kwa haki. Sindano inalaza ovari, homoni ya kike iitwayo estrojeni inashuka, na estrojeni ndiyo inayozuia mfupa usiliwe haraka kuliko unavyojengwa. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali: isizidi miaka 2, labda njia nyingine zimeshindikana. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema wenye miaka 18 hadi 45 wasiwekewe ukomo.

Mimi naegemea kwa hawa wa pili. Mfupa uliopungua hurudi kwa sehemu kubwa mwanamke akiacha sindano. Hata mimba na kunyonyesha huchota madini kwa muda. Halafu kuna jambo ambalo haliandikwi kwenye kadi: wengi wanapenda sindano kwa sababu mume haioni. Vidonge hukutwa chini ya godoro, vijiti hupapaswa mkononi. Mtishe aache bila njia nyingine, atarudi na mimba asiyoitaka, katika Tanzania hii ambayo takwimu za 2022 zilionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000.

Lakini kwetu Nyanda za Juu Kusini faraja hiyo ina tundu. Njombe, Iringa na Mbeya ziko juu kwa maambukizi ya VVU, na ARV zinazotumika sana zina tenofovir, ambayo nayo hupunguza mifupa. Watafiti Uganda waliona wanawake wanaotumia vyote viwili wakipoteza zaidi. Ongeza binti wa miaka 16 ambaye mfupa wake bado unajengwa. Dagaa wa Kyela na maziwa ya Tukuyu vinasaidia, havifuti hesabu hiyo.

Mashine za kupima uzito wa mifupa ni adimu, kwa hiyo kipimo kilichopo ni swali la nesi: umechoma miaka mingapi, unatumia dawa gani nyingine? Aliye kwenye ARV anaweza kuhamia vijiti. Efavirenz, ARV ya zamani, ndiyo iliyokuwa ikivipunguzia nguvu. Dolutegravir ya sasa haina shida hiyo.