Kila Chanzo na Kelele Zake

Ukitoka kwenye king'amuzi kwenda kwenye mashine ya gemu ukajikuta unairukia rimoti kabla jirani hajagonga ukuta, usiipeleke risiva, ile mashine inayopokea sauti ya vifaa vyako vyote na kuipeleka kwenye spika, kwa fundi. Haina ubovu. Imeletewa sauti kubwa, nayo imeitoa kubwa. Ila hakuna aliyeiambia kwamba vyanzo vyako, yaani vifaa ulivyovichomeka, havina kimo kimoja cha sauti. Watengenezaji wanakupa maikrofoni ya kupimia spika na kurasa kadhaa za maelezo juu yake, halafu mpangilio wa kumaliza kero hii wanauzika kwenye tumbo la menyu, mahali ambapo wengi hawafiki. Hilo ndilo linaloniudhi.

Tuanze na zile waya za zamani, nyekundu na nyeupe. Pleya ya CD ya kawaida hutoa takriban volti 2 sauti inapofika kileleni. Simu, kupitia tundu la hedifoni, mara nyingi haifiki hata volti 1. Ikitoa nusu volti, tayari iko desibeli 12 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya pleya, na sikio la binadamu huhisi ongezeko la desibeli 10 kama vile sauti imekuwa kubwa maradufu. Mashine ya santuri ndiyo usiseme: sindano yake hutoa milivolti chache tu, ndiyo maana ina tundu lake maalumu lenye kikuzaji chake.

Wengine hudhani HDMI, waya wa picha na sauti kwa pamoja, imemaliza habari hiyo, kwa kuwa siku hizi sauti ni tarakimu. Haikuimaliza. Tarakimu zimetupa dari moja ambayo hakuna sauti inayoweza kuipita, lakini mazungumzo yawekwe umbali gani chini ya dari hiyo ni uamuzi wa kila mtu kwake. Watangazaji wa Ulaya wana kanuni ya EBU R128, iliyotolewa mwaka 2010, inayotaka kipindi kiwe na wastani wa LUFS -23; LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, kinachohesabiwa kushuka kutoka kwenye dari. Marekani hulenga -24. Netflix huwataka watayarishaji wapime maneno yanayosemwa na kuyaweka karibu na -27. Spotify, usipogusa mipangilio yake, huupeleka muziki kwenye -14. Kutoka -27 hadi -14 ni desibeli 13. Kwa hiyo filamu ikiisha ukaweka muziki bila kugusa sauti, mshtuko ule si mawazo yako. Kila mmoja amefuata kanuni yake vizuri kabisa, na wewe sebuleni ndiye unayelipa tofauti.

Dolby Digital, mfumo wa kufungasha sauti za filamu, nayo ina mambo yake. Ndani ya mkondo wake kuna namba ndogo inayoeleza mazungumzo yamewekwa kwenye kimo gani, na risiva hushusha kila kitu mpaka maneno yatue kwenye -31. Filamu iliyoandikwa -27 hushushwa desibeli 4; filamu hiyohiyo ikija kama PCM tupu, yaani sauti ya tarakimu isiyofungashwa, haishushwi. Ndiyo maana ukibadilisha aina ya sauti kwenye king'amuzi, kimo kinaweza kuruka ghafla na mtu akaapa kwamba PCM ina sauti bora. Huenda anachosifu ni ukubwa tu. Sikio letu lina udhaifu huo: likilinganisha sauti mbili zinazofanana, ile iliyozidi kidogo hulionekea kuwa safi zaidi. Wanaolinganisha vifaa kwa umakini husawazisha hadi sehemu ya kumi ya desibeli, kwa voltimita kwenye vituo vya spika, kabla ya kusema neno lolote.

Sebuleni hatuhitaji ukali huo. Desibeli 1 ni karibu na tofauti ndogo kabisa ambayo mtu huitambua, na vyanzo vyako vikikaribiana kwa desibeli 1 au 2, hakuna atakayelalamika.

Mpangilio wenyewe utaukuta kwa jina la "Source Level" au "Input Trim", kutegemea aliyetengeneza. Risiva nyingi hukuruhusu kwenda desibeli 6 hadi 12 juu au chini, na kila tundu hukumbuka namba yake. Usiuchanganye na ule wa kupanga spika moja moja. Ukiwa bado hujasawazisha spika zenyewe, anza huko, kwa mlio wa majaribio wa risiva na kipimo cha desibeli 75 pale unapokaa. Na kama maneno ya filamu yanamezwa na muziki ilhali vingine vyote viko sawa, itazame spika ya kati. Kugusa kimo cha chanzo hapo ni kupandisha maneno na milipuko kwa pamoja.

Msimamo wangu ni huu: shusha wenye kelele, usiwapandishe wanyonge. Chanzo kinachoonekana kinyonge mara nyingi ni filamu, na filamu inaweka maneno chini ili ibaki na nafasi ya radi na risasi, ambazo huenda zikaligusa dari. Ukiipandisha kwa desibeli 10 ili usikie mnong'ono, unajitafutia sauti ya kupasuka siku ya mlipuko. Muziki na gemu zinazopiga kelele muda wote zikishushwa hazipotezi chochote. Kitufe kikubwa cha sauti kipo cha kuzirudisha ukitaka. Kwa hiyo tafuta chanzo cha chini kuliko vyote, kiache kwenye sifuri, kisha vingine vyote vije kukutana nacho huko.

Pima kwa maneno. Watu hupenda kupima kwa mlipuko au kwa besi kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana kwenye mita, kumbe kinachotufanya tuishike rimoti ni mtu anayezungumza. Msomaji wa habari kwenye king'amuzi, mazungumzo ya watu wawili kwenye filamu, sauti ya mwimbaji kwenye muziki: hivyo ndivyo vya kulinganisha. Programu ya mita kwenye simu inatosha. Huenda namba zake si za kweli, lakini simu ileile, mahali palepale, itakosea kwa kiasi kilekile kwa vyanzo vyote, nasi tunatafuta tofauti tu. Acha dakika moja ipite kabla hujasoma wastani, maana mtu hupumua katikati ya sentensi.

Sasa kuna mtego wa runinga za kisasa. Wengi huchomeka kila kifaa kwenye runinga, kisha waya mmoja wa HDMI hurudisha sauti kwenye risiva kwa njia iitwayo ARC. Ni nadhifu, nakubali. Lakini risiva hapo inaona chanzo kimoja tu kinachoitwa runinga. King'amuzi, gemu, Netflix na YouTube vyote vinaingia kwa mlango mmoja, na ukimshusha mmoja umewashusha wote. Mimi sioni maana ya kununua risiva yenye matundu sita ya HDMI halafu ukatumia moja. Chomeka vifaa kwenye risiva yenyewe, ARC ibaki kwa programu za ndani ya runinga. Halafu king'amuzi chenye kitufe chake cha sauti kiweke juu kabisa na usikiguse tena, kwani kushusha sauti ya tarakimu kwenye chanzo hula takriban biti moja ya usahihi wake kwa kila desibeli 6. Simu kwa Bluetooth ndiyo pasua kichwa, sababu kila anayeunganisha huja na kimo chake. Hiyo mimi nimeiacha.

Vipi kuhusu zile teknolojia zinazosawazisha zenyewe, Audyssey Dynamic Volume, Dolby Volume na hali ya usiku? Zina kazi yake. Mtoto amelala chumba cha pili, au mzee anataka kusikia kila neno: washa. Lakini kuziacha zimewaka mchana kutwa ili kuficha tofauti ya vyanzo ni kuunyima mnong'ono haki ya kuwa mnong'ono. Zinabana kila kitu, hata pale ambapo tofauti ilikusudiwa.

Na matangazo ya biashara yanayopiga kelele katikati ya kipindi hayamo katika kazi hii, maana yanatoka kwenye chanzo kilekile. Hayo ni ya vituo. Marekani iliyatungia sheria mwaka 2010, kanuni zake zikaanza kutumika Desemba 2012. Hata hivyo tangazo linaweza kutii wastani na bado likakera: lenyewe hukaa kwenye kimo chake mwanzo hadi mwisho, wakati tamthilia imeufikia wastani uleule kwa kupanda na kushuka.

Ukishamaliza, andika namba zako kwenye karatasi na uibandike nyuma ya risiva. Siku utakapoirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani, ndizo za kwanza kufutika.