Kuhani wa Machweo na Mtungi wa Gesi

Jana Alhamisi nimeshuka feri mguu mmoja wangu, wa pili sijui wa nani. Wa tuktuk kanila shilingi 20 za chenji, nikamwachia Mungu. Nilichokuwa nataka ni chai ya tangawizi na yale mahamri mawili ya asubuhi, basi.

Naingia ndani, giza. Napapasa swichi.

"Usiwashe taa! Jua linakufa."

Katikati ya sebule kasimama binti wa ndugu yangu, aliyekuja kwa wiki moja, huu mwezi wa pili. Kajitanda pazia. Pazia langu, la dirishani.

"Mimi ni kuhani wa machweo," asema, sauti kaishusha hadi tumboni. "Mlinzi wa miisho. Mkunga wa kuzaliwa upya."

Nikamwitikia marahaba, maana nilidhani humo ndani mna shikamoo.

Kumbe ni ule mchezo wao na wenziwe, Dungeons & Dragons, Wamarekani waliutoa 1974. Unajitungia mtu, unampa dini na silaha, kisha dadu ya pande 20 inaamua kama utaishi. Wake kamtoa Misri ya kale: jua ni Ra, likizama lapita kuzimu saa 12 za usiku, alfajiri lazaliwa upya kwa jina la Khepri, sura ya yule mdudu aviringishaye mavi.

"Mwanangu," nikamwambia, nikiwa bado na heshima zangu, "saa za Mswahili zaanza papo hapo jua likizama. Adhana ya magharibi ikilia tu, huu ni usiku wa Ijumaa. Siku yetu huzaliwa kila jioni, na hakuna anayeng'oa pazia."

"Ami, waelewa kumbe! Njoo basi tuliage jua."

Tuliage wapi? Pwani yetu ya Mombasa yatazama mashariki. Wageni huja na kamera kungoja machweo ufuoni, wakaishia kupiga picha giza. Jua letu lazamia Changamwe huko, nyuma ya matangi ya mafuta. Dirishani kwangu laonekana kipande tu, kati ya tangi la maji la jirani na suruali zake zilizoanikwa.

Nikaenda jikoni. Nawasha jiko: tss. Nawasha tena: kimya. Nikautikisa mtungi, mwepesi kama ahadi ya mwenye nyumba.

Mara kuhani huyu hapa nyuma yangu. Kaweka kiganja juu ya mtungi, kafumba macho. "Umetumika vyema. Nenda kwa amani."

"Unamwombea nani?"

"Kila kinachoisha kina haki ya kuagwa, Ami."

"Na kuzaliwa upya je? Si ndiyo kazi yako?"

Akarusha dadu juu ya meza. Tatu. "Kuhani ameshindwa," asema, wala hakuona haya. Akanipa mimi. Nikairusha, Mungu anisamehe, mtu mzima na mvi zangu. Moja.

"Lo! Moja ndiyo mbaya kuliko zote."

Hapo ndipo nilipopandisha. Kwani mimi nahitaji dadu kuambiwa? Tokeni za stima zaisha, maji ya mkokoteni yaisha, bando laisha, mshahara waisha tarehe 9, na vyote, vyote, mkunga wake ni simu yangu! Na wewe pazia lirudi dirishani, jirani atuona!

"Baba, magharibi hii wapiga kelele?" Mke wangu huyo, chumbani. "Na mtoto asitoke nje saa hizi. Wala usifagie!" Nani kasema habari ya kufagia?

Nikatoka mimi kutafuta viazi karai. Kilichobaki cha mahamri, nilimwona kuhani akikiaga. Pale kona foleni ndefu, moshi machoni, na mbele yangu kijana anunua vya shilingi 200 peke yake. Zamu yangu inafika, mama ananitazama kwa huruma.

"Viazi vipo, baba. Ukwaju ndio umeisha."

Viazi karai bila ukwaju! Nikamuuliza yule kijana kama anaumaliza wote ule kwenye mfuko wake. Akausogeza mfuko upande wa pili.